Kabla ya mwanafunzi, afundishwe mkufunzi

Kila ifikapo tarehe 5 Juni, vyuo vingi vya Mwanza hufanya yaleyale. Fulana zinachapishwa, mgeni rasmi anaalikwa, mashimo yanachimbwa kando ya uzio, na picha za viongozi walioshika miche zinarushwa kwenye makundi ya WhatsApp kabla udongo haujakauka mikononi. Hakuna anayeuliza swali ambalo mkulima yeyote wa Magu au Misungwi angeuliza: nani anapanda mti Juni? Kwetu huku mvua zinakuwa zimekwisha Mei na kiangazi kinabisha hodi. Siku ya Mazingira Duniani iliwekwa kukumbuka mkutano wa Stockholm wa 1972. Aliyeipanga hakuwa na habari na mvua za Usukumani. Miche inakauka Agosti, na Juni inayofuata mashimo yaleyale yanapokea miche mingine.

Sina ugomvi na miti. Ila sherehe hiyo inaonyesha mahali ambapo vyuo vyetu vimeyaweka mazingira: nje ya darasa, kwenye kalenda ya matukio, chini ya klabu ya wanafunzi na ofisi ya mshauri wao. Ndani ya darasa mhadhiri wa uhasibu anaendelea na uhasibu wake, wa sheria na sheria yake, wa ununuzi na ununuzi wake, kana kwamba Ziwa Victoria liko nchi nyingine. Halafu kwenye hotuba wanasemwa wanafunzi, kwamba hawana mwamko. Mimi naona mwamko wanao. Wengi wamekulia Igogo, Kirumba, Ukerewe na Sengerema. Wameuona Mto Mirongo ukikatiza jijini na kila kilichotupwa ndani yake, wamesikia wazazi wakihesabu usiku ambao mtumbwi umerudi bila kitu. Anayehitaji kusaidiwa kwanza ni yule anayesimama mbele yao na chaki.

Karatasi hazikosekani. Tangu mkutano wa Tbilisi wa 1977 dunia imekuwa ikisema elimu ya mazingira ipenye katika masomo yote, isiwe somo la pembeni. Umoja wa Mataifa ukatenga muongo mzima, 2005 hadi 2014, kwa ajili ya elimu ya maendeleo endelevu. Sisi wenyewe tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, tuna Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, na kupitia HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu wenye mkopo wa Dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, vyuo vikuu vimekuwa vikiipitia upya mitaala yao. Tatizo ni kinachotokea baada ya kikao cha kupitia mtaala. Neno "endelevu" linachomekwa kwenye malengo ya kozi, mtaala unapelekwa TCU (tume ya vyuo vikuu) au NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) kupata baraka, na Jumatatu asubuhi mhadhiri anaingia darasani na notisi zilezile.

Au chuo kinachukua njia ya mkato: kinaanzisha kozi moja ya mazingira na maendeleo kwa mwaka wa kwanza wote. Ukumbi unafurika, kipaza sauti kinakoroma, mtihani unauliza "taja na ufafanue visababishi vitano vya uchafuzi wa mazingira". Mwanafunzi anataja, anafaulu, anasahau. Mwaka wa pili na wa tatu, anapojifunza kazi atakayoifanya maishani, hasikii tena neno juu ya jambo hilo. Anahitimu akiamini kwamba mazingira ni kazi ya watu wa mazingira. Kesho yake ndiye mhasibu wa kiwanda, ndiye afisa ununuzi wa halmashauri, ndiye ofisa mikopo wa benki, na maamuzi yanayoligusa ziwa yanapita mezani kwake kila wiki bila yeye kuyatambua.

Tuanze na huyo mhasibu, maana masomo ya biashara ndiyo yanayojaza kumbi zetu. Mada ya kugawanya gharama kwa bidhaa zinazotoka pamoja hufundishwa kwa mfano wa kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi, kwa sababu ndivyo vitabu vya Uingereza vinavyofanya. Wakati huohuo hapahapa mjini kuna sangara. Minofu haifiki nusu ya uzito wa samaki aliyeingia kiwandani. Minofu inakwenda Ulaya, mabondo, yaani mifuko ya hewa ya samaki, yanakwenda Asia kwa bei inayowashangaza hata wavuvi, mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki, yanarudi sokoni kwa walaji wa kipato cha chini. Hapo kuna zoezi zima la kugawanya gharama, tena la samaki ambaye mwanafunzi amemla. Kisha linakuja swali ambalo kitabu hakina: maji yaliyooshea minofu, yenye damu na mafuta, gharama yake imeandikwa wapi? Ikiwa kiwanda kinalipia maji yanayoingia na hakilipii vya kutosha yanayotoka, nani anailipa hiyo tofauti? Na ikikadiriwa na kuwekwa kwenye hesabu, faida ya mwaka inabaki kiasi gani?

Hili si suala la huruma kwa samaki. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya taarifa za wavuvi kutumia sumu kuvulia. Viwanda vilivyokuwa na mashine safi na vyeti ukutani vilijikuta havina soko kwa jambo lililofanyika majini, usiku, mbali na geti lao. Hatari ilikuwa mwaloni, samaki wanakoshushwa, na vitabu vya hesabu havikuwa na safu ya kuionyesha. Mhadhiri wa usimamizi wa hatari za biashara aliye Mwanza na hautumii mkasa huo anaacha mfano bora kuliko wowote atakaoukuta kwenye slaidi za kupakua. Mwenzake wa uchumi, anayefundisha mauzo ya nje kwa kumsifu sangara, naye ana deni: samaki huyo aliletwa ziwani miaka ya 1950, akatamalaki miaka ya 1980, na ujio wake ukichanganyika na maji yaliyorutubika kupita kiasi umehusishwa na kutoweka kwa aina zinazokadiriwa kufikia 200 za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili. Fedha za kigeni na furu ni habari moja. Ukiitenganisha unafundisha nusu.

Kwa vyuo vya ualimu mambo ni mepesi zaidi, na bei yake haifiki ya fulana za Juni. Tafuta kitu cha duara chenye upana wa sentimita 20, mfuniko wa bati utatosha. Ugawe robo nne, zipake nyeusi na nyeupe kwa kupokezana, toboa katikati, pitisha kamba iliyofungwa fundo kila baada ya nusu mita, ning'iniza jiwe chini yake. Ishushe taratibu kutoka gatini au kwenye mtumbwi mpaka isionekane, soma kina, izamishe kidogo zaidi, kisha ivute mpaka ionekane tena, soma kina. Chukua wastani. (Mtu asiingie majini kufanya ubabe, kichocho kipo.) Hiyo ndiyo sahani ya Secchi, kifaa cha kupima uangavu wa maji, iliyopewa jina la padri wa Kiitaliano aliyeitumia baharini mwaka 1865, na mpaka leo wataalamu wa maziwa hawajaiacha. Watafiti walioipima Victoria katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita waliiona ikishuka mita kadhaa kabla ya kupotea. Siku hizi, kwenye ghuba na kando ya miji, mara nyingi inapotea kabla ya mita mbili.

Zoezi hilo likifanywa kila wiki kwa muhula mmoja, mkufunzi wa hisabati anapata data halisi ya wastani, mtawanyiko na grafu, badala ya "umri wa wanafunzi 40 wa darasa fulani". Wa kemia anapata sababu ya kuzungumzia fosforasi na naitrojeni, na kwa nini mwani hustawi. Wa jiografia analinganisha na mvua, na atakuwa na la kusimulia, maana sehemu kubwa ya virutubisho huingia ziwani kutoka angani, kwa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, si kwa mifereji peke yake. Wa Kiswahili anasahihisha ripoti. Mwalimu mwanafunzi anapopelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha kule Ukerewe au Buchosa, anakwenda na kifaa mkononi na somo kichwani. Hajaongezewa kipindi hata kimoja kwenye ratiba.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ule wa mita 60. Kifungu cha 57 cha sheria ya mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kila mwanafunzi wa sheria, mipango miji na upimaji ardhi anaikariri namba hiyo. Sasa muulize: mita 60 kutoka wapi? Victoria hupata takriban asilimia 80 ya maji yake kwa mvua inayolinyeshea moja kwa moja, kwa hiyo miaka ya mvua kubwa hupanda na ya ukame hushuka. Mwaka 2020 lilipanda hadi kufikia kimo cha juu kabisa katika zaidi ya karne ya vipimo, na 2024 likapanda tena. Kuta, bustani na vyumba vilivyojengwa kando ya maji vikaingia majini. Mahali ambapo ardhi inainuka mita moja kwa kila mita 50, maji yakipanda mita moja tu ukingo unahamia ndani kwa mita 50. Jengo lililokuwa halali kwa mita zake 60 na ushei linajikuta limebaki na 10.

Hapo kila taaluma ina kazi. Mpimaji ana swali la kiufundi: alama ya kuanzia aiweke kwenye kimo kipi, cha mwaka gani? Mwanasheria ana swali la haki: aliyejenga kihalali, maji yakamfuata, amevunja sheria? Mthamini anatakiwa aseme kiwanja kile kina thamani gani, na mwanafunzi wa benki aseme kama hati yake inafaa kuwa dhamana ya mkopo wa miaka 15. Mwanafunzi wa hoteli na utalii, ambaye kila mtu anamwambia "watalii wanataka kulala wakisikia mawimbi", aambiwe ukweli wa gharama ya mawimbi hayo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeombwa "kupenda mazingira". Wameombwa kufanya kazi yao sawasawa.

Milimani nako kuna somo, ingawa halipendezi kulisimulia wakati wa chakula. Nyumba za Igogo na Mabatini zimekaa juu ya miamba, shimo la choo haliendi chini, na mvua kubwa ikinyesha wapo wanaotapisha vyoo ili mkondo ubebe. Unakobeba panajulikana. Mamlaka ya maji imekuwa ikilaza mabomba membamba ya majitaka katika baadhi ya makazi hayo, na mwanafunzi wa uhandisi, wa afya ya jamii na wa maendeleo ya jamii wangeweza kupanda mlima mmoja asubuhi moja na kurudi na maswali matatu tofauti ya tasnifu.

Basi kwa nini haya hayafanyiki? Jibu la haraka ni kwamba wahadhiri ni wavivu, na nalikataa. Mkufunzi wa chuo cha kawaida ana vipindi vingi, madarasa makubwa, mitihani ya kusahihisha inayomfuata mpaka kitandani. Alisoma uhasibu kwa mfano wa kiwanda cha mafuta, naye anafundisha kwa mfano huo kwa sababu anaujua na jibu lake lipo nyuma ya kitabu. Kumwambia aingize ziwa ni kumwambia aingie darasani na swali ambalo huenda yeye mwenyewe hajui jibu lake, mbele ya vijana 200 wenye simu. Hofu hiyo ni ya kweli, na haiondolewi na waraka kutoka ofisi ya taaluma.

Wala haiondolewi na semina. Tunazijua semina zetu. Mwezeshaji anatoka mbali na slaidi 90, anaanza na maana ya mazingira, anapita kwenye malengo 17 ya maendeleo endelevu, saa saba mchana watu wanatazama mlango, jioni wanasaini posho na kupokea cheti. Mhadhiri wa sheria amekaa meza moja na wa ufugaji samaki na wa kompyuta, wote wamefundishwa kitu kilekile, maana yake hakuna aliyefundishwa kitu cha darasani kwake. Sipingi posho, mtu akitoka nyumbani lazima ale. Napinga kumwita mtaalamu kujifunza jambo lisiloigusa taaluma yake.

Kuna mfano wa karibu ambao vyuo vinaudharau kwa sababu ni wa shule za msingi na sekondari. Walimu wa shule wana MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na moyo wake ni jumuiya za kujifunza: walimu wachache wa shule moja wanakaa, wanachukua mada inayowasumbua, wanaandaa somo, mmoja analifundisha wenzake wakiangalia, wanarudi kulijadili. Utekelezaji wake una kasoro zake, kuna shule ambako jumuiya iko kwenye faili tu. Lakini wazo ni sahihi, na idara ya chuo ingeweza kuliiga wiki ijayo. Wahasibu watano wanakaa na mtu mmoja aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha minofu. Wanatengeneza zoezi moja, na majibu yake. Mmoja analijaribu darasani. Likifeli wanalirekebisha, likifaulu linaingia kwenye benki ya maswali ya idara. Muhula mmoja, zoezi moja. Huo ndio mwendo ambao mtu mwenye vipindi 18 kwa wiki anaweza kuumudu.

Mwanza haina uhaba wa watu wa kuwaita kwenye vikao hivyo. Kituo cha utafiti wa uvuvi cha TAFIRI kipo, FETA, wakala wa mafunzo ya uvuvi, ipo Nyegezi, NEMC, baraza la taifa la mazingira, ina ofisi ya kanda, tawi la DIT, taasisi ya teknolojia ya Dar es Salaam, linafundisha teknolojia ya ngozi, ambako suala la nini kifanyike kwa maji yenye kromi ni sehemu ya kazi. Na kule Mwaloni Kirumba kuna akina mama wanaoweza kumweleza mhadhiri yeyote wa ujasiriamali kwa nini dagaa aliyekaushwa kwenye chanja anamshinda kwa bei yule aliyeanikwa mchangani, na nini kinatokea kwa wote wawili mvua isiyo ya msimu ikinyesha siku tatu mfululizo. Nusu saa pamoja nao ina thamani kuliko slaidi 90.

Kuna jambo jingine ambalo tukisema "maendeleo ya watumishi" tunalisahau: watumishi si wahadhiri peke yao. Chuo kina mpishi, mtunza stoo, fundi bomba, afisa ununuzi, dereva, mlinzi. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024, na mwaka huohuo ukazinduliwa mkakati wa taifa unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Agizo hilo lilipofika vyuoni lilimkuta nani? Lilimkuta mpishi, ambaye hakuna aliyewahi kumpeleka kwenye semina yoyote, na ambaye ndiye anayejua ugali wa watu 300 unavyokataa kuiva vizuri kwenye jiko lisilo na moto wa kutosha. Lilimkuta mtunza stoo, mwenye daftari la magogo yaliyoingia kwa miaka mingi.

Daftari hilo ni hazina. Linaonyesha kuni kiasi gani zilitumika, kwa fedha kiasi gani, na likilinganishwa na ankara za gesi linatoa zoezi la uamuzi wa uwekezaji ambalo hakuna mwanafunzi wa mwaka wa pili atakayeliona la kufikirika, kwa sababu chakula chenyewe anakila. Ila mhadhiri wa uhasibu na mtunza stoo wa chuo kimoja wanaweza kufanya kazi miaka kumi bila kusalimiana zaidi ya "habari za asubuhi". Kikao cha watumishi kinachowakutanisha hao wawili na mpishi ni maendeleo ya watumishi kuliko cheti cha kutundika.

Zipo pingamizi, na ya nguvu zaidi ni hii: ziwa halichafuliwi na vyuo. Linabeba udongo wa mashamba, majitaka ya miji ya nchi tatu zinazolimiliki na mizigo ya mito kama Kagera inayoanzia mbali zaidi. Magugumaji ya miaka ya 1990 hayakuletwa na mhadhiri, na yalipungua kwa wadudu walioletwa kuyala na jitihada za serikali za kikanda. Ni kweli. Lakini wanaoendesha hivyo viwanda, hizo halmashauri na hizo mamlaka walipita vyuoni, na wengine watakaochukua nafasi zao wako vyuoni sasa. Pingamizi ya pili, kwamba mwanafunzi anataka ajira na si ziwa, inajijibu yenyewe katika mji ambao samaki, vizimba vya sato, meli na hoteli za ufukweni vyote vinategemea maji yawe na hali ya kuridhisha.

Pingamizi ambayo sijaiona ikijibiwa popote ni ya tatu, ya mhadhiri mwenyewe: "Nikifanya yote haya, napata nini?" Kupanda cheo kunategemea zaidi machapisho. Zoezi zuri la darasani, lililotengenezwa kwa muhula mzima na kutumiwa na wenzako wanne, linahesabiwa kidogo mno likiwekwa kwenye mizani pamoja na makala moja kwenye jarida ambalo hakuna mtu wa Mwanza atakayelisoma. Chuo kinachotaka mazingira yaingie darasani kinapaswa kuweka alama za kupandisha cheo kwa kazi hiyo, ziandikwe kwenye fomu ya tathmini, zijulikane ni ngapi. Bila hivyo tutaendelea kuwategemea wahadhiri wachache wenye moyo, na wenye moyo huchoka, huhamishwa, au huteuliwa kwenda Dodoma.

Baraza la taaluma likitaka kujua chuo kimesimama wapi, halihitaji mshauri mwelekezi. Lichukue karatasi za mitihani ya muhula uliopita, idara kwa idara, litafute maswali ambayo mwanafunzi asingeweza kuyajibu bila kujua kwamba anasoma kando ya Ziwa Victoria. Nadhani kikao hicho kitakuwa kifupi.